Kidole cha mwisho kikifa ganzi, usingoje mkono ukatae kazi

Dalili ya kwanza niliyoipata haikuwa maumivu. Ilikuwa herufi A.

Mimi hula kwa vidole, na sisemi ugali. Tangu niache chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, kazi yangu ni kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyageuza kuwa maandishi. Mteja hulipa kwa dakika ya sauti. Ukichapa haraka, kodi ya keja inatoka. Ukichapa polepole, mwenye ploti anakuja kukujulia hali kabla ya tarehe tano.

Usiku mmoja mteja alinirudishia kazi ya saa nzima na swali moja tu: kibodi yako ni mbovu? Nikafungua nilichokuwa nimetuma nikaona aibu. “Mhojiano.” “Wakzi wa mtaa.” “Bada ya hpo.” Hata neno Kiswahili lenyewe nilikuwa nimeliandika “Kiswhili”. Jaribu kuandika lugha hii yetu bila A uone kitakachobaki.

Kibodi haikuwa na shida. Mtu anayejua kuchapa bila kutazama hubonyeza A kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, na hicho kidole changu kilikuwa kimekufa ganzi. Mimi nadhani nimebonyeza, kumbe kidole kimepapasa tu.

Ukweli ni kwamba ganzi hiyo ilikuwa imeanza kitambo. Nilikaa nayo miezi mitatu nikiitafutia visingizio. Naandika haya kwa sababu nina hakika kuna msomaji mmoja hapa, pengine ameshika simu hivi sasa kiwiko kimekunjwa, ambaye vidole vyake viwili vya mwisho vinamsisimka na anadhani ni uchovu tu.

Visingizio vya miezi mitatu

Mwanzoni ilikuwa inanijia usiku. Naamka saa tisa, vidole viwili vya mwisho vimelala, naukung'uta mkono kama mtu anayekausha maji, vinaamka, narudi kulala. Nikajiambia ni godoro.

Ikaanza kunijia mchana, hasa nikiwa naangalia mabao ya wikendi kwenye simu. Nikajiambia ni baridi ya Julai.

Nilipomtajia mamangu kwa simu, alinyamaza kidogo kisha akauliza, “Ni mkono wa kushoto, baba? Umepimwa presha?” Shangazi aliyekuwa kando yake alikuwa na wazo lake kuhusu watu wasiofurahia mtoto wa mwenzao akipata pesa za mtandaoni. Sikucheka, maana saa tisa usiku, mkono ukiwa umekufa, hata mimi mawazo yalikuwa yananipeleka mbali.

Nikaenda duka la dawa hapo mtaani. Jamaa wa kaunta hakuniuliza ni vidole gani. Alinipa tembe za kutuliza maumivu na kunidunga sindano ya vitamini, akaniambia nirudi kwa nyingine mbili. Nikarudi. Ganzi haikwenda popote, ila pesa zilienda.

Kilichonitoa usingizini ni matatu. Konda alinirudishia chenji, sarafu nne za shilingi kumi kumi, nikazipokea kwa mkono wa kushoto, zikapita katikati ya vidole kama maji. Abiria wakaniangalia. Nilizikusanya sakafuni nikijiambia, hapa si uchovu tena. Hapa kuna kitu.

“Unashikaje simu yako?”

Siku iliyofuata nilikuwa kwenye foleni ya hospitali ya umma saa kumi na mbili asubuhi. Daktari wa kwanza alinipima presha na sukari, akanigusagusa shingo, kisha akaniandikia nimwone mtaalamu wa fiziotherapia. Huyo alikuwa mama wa makamo, sauti ya upole, macho ya mwalimu wa zamu.

“Kijana wangu, nionyeshe ni wapi hasa pamekufa ganzi.”

Nikamwonyesha kidole cha mwisho chote, na nusu ya kidole cha pete, ile nusu inayotazamana na cha mwisho.

“Nusu?”

“Nusu, daktari.”

Akatabasamu kana kwamba nimempa jibu la mtihani. Akaniuliza unashikaje simu ukiwa kitandani. Nikamwonyesha: nalalia ubavu wa kushoto, simu mkononi, kiwiko kimekunjwa hadi ngumi iko karibu na shavu. Na ukiwa kazini? Nikamwonyesha: kiwiko cha kushoto juu ya meza, kiganja kimebeba kidevu, nasikiliza sauti. Na ukilala? Mkono chini ya mto, umekunjwa.

“Kwa hivyo,” akasema, “kiwiko chako kinanyooka saa ngapi?”

Sikuwa na jibu.

Alinigonga taratibu kwa ncha ya kidole sehemu ya ndani ya kiwiko, nyuma ya ule mfupa uliochomoza. Shoti ikatoka hapo ikateremka hadi kidole cha mwisho. Akaniambia nikunje viwiko vyote viwili hadi mwisho na nikae hivyo kwa dakika moja. Kabla ya nusu dakika, kidole cha kushoto kilikuwa kinawaka. Cha kulia kilitulia tu.

Ndipo nikajua ugonjwa wangu hauko kidoleni. Uko kwenye kiwiko.

Kebo inayopita kichochoroni

Kila mtu amewahi kujigonga kiwiko kwenye ukingo wa mlango akahisi umeme mpaka vidoleni. Wengi tunadhani ni mfupa. Si mfupa. Ni neva, mshipa wa fahamu unaoitwa ulna, na hapo ndipo ulipo uchi kuliko mahali pengine popote mwilini mwako.

Neva hiyo hutoka shingoni, inapita kwapani, inateremka mkononi, na ikifika kwenye kiwiko inalazimika kupenya kichochoro chembamba. Upande mmoja ni mfupa, paa lake ni utepe mgumu wa nyama, na juu yake hakuna mto wa kuilinda ila ngozi na mafuta kidogo. Baada ya hapo inaendelea hadi kiganjani.

Ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuleta habari: hisia za kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Ndiyo maana mama yule alifurahia “nusu” yangu. Kidole gumba, cha shahada na cha kati huhudumiwa na neva nyingine, kwa hivyo ganzi ya vidole hivyo ina hadithi yake, na mara nyingi chanzo chake ni kifundo cha mkono.

Kazi ya pili ni kutoa amri. Neva ya ulna ndiyo huendesha misuli mingi midogo ndani ya kiganja, ile inayotanua na kubana vidole, na inayokifanya kidole gumba kibane kitu kando ya kidole cha shahada. Kufunga kifungo, kugeuza ufunguo, kuhesabu noti, kushika wembe: kote huko ulna ipo.

Sasa, ukikunja kiwiko, kile kichochoro kinakuwa chembamba zaidi na neva inavutwa kuzunguka mfupa. Shinikizo ndani yake hupanda mara kadhaa. Kwa dakika mbili si neno. Lakini ukikaa hivyo saa nzima, kila usiku, miezi nenda miezi rudi, damu inayolisha neva inabanwa na utando unaoifunika unaanza kuharibika. Ni kama kebo ya chaja unayoikunja mahali pamoja kila siku. Kwa nje inaonekana sawa, ila siku moja simu haichaji mpaka uishike kwa pembe fulani.

Madaktari wanasema neva kubanwa kiwikoni ni tatizo la pili kwa wingi kati ya neva zinazobanwa mkononi. La kwanza ni lile la kifundo cha mkono. Kwa hivyo si mimi pekee, wala si jirani aliyeniangalia vibaya.

Dawa ilikuwa taulo

Nilitarajia kuandikiwa dawa yenye jina refu. Mama yule akaniambia niende nyumbani nitafute taulo.

Nitakuwa mkweli, nilikasirika. Nimepanga foleni tangu alfajiri, nimekosa kazi ya siku nzima, halafu naambiwa taulo! Lakini alinieleza kwa utaratibu. Sindano ya vitamini humsaidia mtu aliyepungukiwa na vitamini. Haiwezi kutanua kichochoro. Tembe za maumivu zinaweza kupunguza uchungu kwa siku chache, lakini ukizimeza kiholela kwa wiki nyingi zinaumiza tumbo na figo, na neva bado imebanwa palepale. Kitu cha kwanza ni kuacha kuibana.

Haya ndiyo aliyoniagiza.

Usiku: kunja taulo, lizungushe kwenye kiwiko, lifunge kwa bandeji au soksi ndefu, lisikaze. Lengo ni mkono usiweze kukunjika zaidi ya kidogo ukiwa usingizini. Haihitaji kunyooka kabisa kama mti. Taulo langu nililinunua kwa mtumba Sh150. Hospitalini kuna vifaa maalumu vya kazi hiyo, lakini taulo linafanya kazi.

Kazini: kiwiko kisiegemee meza wala mkono wa kiti. Kiti kiwe juu kiasi kwamba ukichapa, pembe ya kiwiko imefunguka kupita mraba. Mimi nilikalia mto na kuirudisha kibodi nyuma kidogo. Kila nusu saa nainuka, naacha mikono ining'inie.

Simu: ukipiga, tumia vipokea sauti au spika. Ukitazama video, isimamishe simu kwenye kitu. Usilale ukiishikilia.

Mazoezi: mara mbili kwa siku, nyoosha mkono mbele yako kiganja kikiwa juu. Kunja kifundo na vidole kuelekea kwako, kisha vinyooshe vielekee mbali, halafu kunja kiwiko taratibu na urudi. Mara tano tu, polepole. Neva inatakiwa iteleze ndani ya kichochoro, isivutwe. Vidole vikianza kuwaka, umezidisha; punguza au acha.

“Nipe wiki sita,” akaniambia. “Na usinidanganye, maana nitakugonga hapo na neva itaniambia.”

Wiki ya kwanza nilivua taulo usingizini kila usiku. Ya pili nikaanza kulizoea. Wiki ya nne niliamka asubuhi nikakaa kitandani nikijiuliza kuna nini hakipo. Kisha nikagundua: sikuamka saa tisa. Kufikia wiki ya sita A zilikuwa zimerudi karibu zote. Niliambiwa niendelee na taulo hadi miezi mitatu itimie, na nikaendelea.

Mchezo uliokatika kicheko

Ningeishia hapo, hii ingekuwa hadithi ya kufurahisha. Lakini kuna kinyozi wangu.

Huyu ni rafiki wa miaka mingi, tumekua naye mtaa mmoja. Nilipoenda kunyolewa nikamsimulia habari za taulo, akacheka mpaka akazima mashine. Nikamwambia, hebu nikupime na wewe. Nilikuwa nimefundishwa kipimo cha karatasi: unabana karatasi kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, mkono huu na huu, halafu mwenzako anavuta. Gumba likibaki limenyooka na karatasi isiponyoka, ulna iko sawa. Gumba likijikunja kwenye ncha ili lipate nguvu, ujue misuli inayostahili kufanya hiyo kazi imechoka, sasa gumba linaazima nguvu za neva nyingine. Daktari Mfaransa aliyeitwa Jules Froment ndiye aliyekipa jina kipimo hicho.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa fiti. Wa kulia, mkono wa kazi, gumba lilijikunja mara moja na karatasi ikatoka bila hata mimi kuvuta kwa nguvu.

“Rudia, buda,” akasema.

Tukarudia. Ikatoka tena.

Kicheko kikakatika. Ndipo nikautazama ule mkono vizuri kwa mara ya kwanza. Pale kati ya gumba na kidole cha shahada, mahali ambapo mtu huwa na nyama, yeye alikuwa na bonde. Vidole vyake viwili vya mwisho vilikuwa vimeanza kujikunja kidogo hata akiwa amepumzika. Akaniambia mwaka mzima alikuwa anaangusha wembe, akidhani ni mafuta ya nywele yanayoteleza. Ganzi? Alikuwa ameizoea. Kumbe kwake haikuwa ya kuja na kwenda; ilikuwa imehamia.

Alipofika hospitali, swali la kwanza la daktari lilikuwa: uliwahi kuvunjika kiwiko? Ndiyo. Darasa la tatu, alianguka kutoka kwenye mwembe kwao mashambani. Alikandwa na fundi wa mifupa kijijini, akapona, ila mkono ukapona umepinda kwenda nje. Hakuna aliyejali, maana ulikuwa unafanya kazi. Daktari alimweleza kwamba kiwiko kilichounga vibaya utotoni kinaweza kuivuta neva polepole kwa miaka mingi, na mtu akaja kulipa akiwa mtu mzima. Ukijumlisha kazi ya kunyoa, kiwiko kimekunjwa na kuinuliwa kutwa nzima, basi.

Alipimwa neva kwa umeme, kipimo kinachoonyesha ujumbe unasafiri kwa kasi gani na unakwama wapi. Ulikuwa unakwama kwenye kiwiko. Kwake taulo halikutosha tena. Alihitaji upasuaji.

Upasuaji wenyewe si wa kutisha vile tunavyodhani. Kuna njia kuu mbili. Moja ni kufungua paa la kile kichochoro ili neva ipumue. Nyingine ni kuitoa neva nyuma ya mfupa na kuihamishia mbele, ili kiwiko kikikunjwa isivutwe tena. Kwa sababu ya ule mfupa wake uliopinda, yeye alifanyiwa hii ya pili. SHA ililipa sehemu, sehemu tuliichanga marafiki na vinyozi wenzake. Hakulazwa siku nyingi.

Kigumu kilikuja baadaye, na ndicho kilichonifanya niandike haya. Daktari alimwambia sehemu ya neva iliyokufa huota upya kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe. Kutoka kiwikoni hadi misuli ya kiganja ni kama sentimita 30. Hiyo ni milimita 300, karibu mwaka mzima wa kungoja. Na misuli nayo haingoji milele. Ikikaa muda mrefu bila amri, mwaka mmoja na nusu hivi au zaidi, inaweza kugeuka kiasi kwamba hata neva ikifika haitapata wa kumwamrisha.

Kwa hivyo upasuaji ulizuia mambo kuharibika zaidi. Kama utarudisha kilichopotea, hilo ni la kusubiri na kuona.

Nani ajichunguze

Nikitembea mtaani siku hizi naona viwiko tu. Dereva wa matatu aliyetoa kiwiko dirishani kutoka Githurai hadi mjini, mfupa juu ya chuma, gari likitikisika. Msusi aliyeinua mikono saa sita akisuka kichwa kimoja. Mlinzi wa usiku aliyeegemea meza. Mwanafunzi aliyelala juu ya daftari. Vijana wa kazi za mtandaoni kama mimi. Na sisi sote tunaolala na simu.

Ukiwa na shaka, fanya haya matatu leo. Kwanza, kunja viwiko vyote viwili hadi mwisho kwa dakika moja uone kama vidole vya mwisho vitawaka. Pili, jaribu ile karatasi, mkono kwa mkono. Tatu, pandisha kidole cha kati juu ya kidole cha shahada kama mtu anayesokota, kisha ulinganishe mikono miwili. Kama upande mmoja umeshindwa na mwingine umeweza, hilo ni jambo la kumwonyesha daktari. Vipimo hivi havikupi jina la ugonjwa; vinakupa sababu ya kuondoka nyumbani.

Kama ganzi inakuja na kwenda, na nguvu zako ziko sawa, anza kwa taulo na kurekebisha unavyokaa, na umwone mhudumu wa afya isipopungua baada ya wiki chache. Lakini usingoje hata wiki moja kama ganzi haiondoki kabisa, kama unaangusha vitu, kama kuna bonde kando ya kidole gumba, au kama vidole viwili vya mwisho vinajikunja vyenyewe. Vivyo hivyo ukiwa umeumia kiwiko hivi majuzi au ulivunjika zamani.

Kuna mambo mengine yanayoweza kufanana na haya, na ndiyo sababu jamaa wa kaunta hawezi kuyatatua kwa sindano. Neva hiyohiyo inaweza kubanwa shingoni au kwenye kifundo cha mkono. Kisukari huharibu neva, ila aghalabu huanzia miguuni. Na kuna ukoma, ambao wengi wetu tunadhani ulibaki kwenye Biblia. Haujaisha kabisa Kenya, na neva anayoipenda ni hii ya kiwikoni. Ukiona ganzi pamoja na mabaka kwenye ngozi yasiyohisi kitu, nenda hospitali bila aibu. Dawa zake hutolewa bure na zinaponya. Mficha uchi hazai.

Kuhusu hofu ya mamangu, alikuwa na haki ya kuuliza. Mkono ukipoteza nguvu ghafla, mdomo ukaenda upande au maneno yakakwama, hicho ni kiharusi. Ukipata uchungu kifuani unaoteremkia mkono wa kushoto, huenda ni moyo. Hayo si ya kufunga taulo. Ni ya kukimbizwa hospitali dakika hiyohiyo. Ulna iliyobanwa huja polepole, hugusa kidole kimoja na nusu, na hubadilika kulingana na kiwiko.

Tofauti ya miezi

Mimi na kinyozi wangu tulikuwa na ugonjwa mmoja. Hakuna aliyekuwa mjanja kumshinda mwenzake. Mimi mwenyewe nilipoteza miezi mitatu, na sarafu za matatu ndizo zilizoniokoa. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilifika neva ikiwa bado inalalamika. Yeye alifika ikiwa imeshanyamaza, na kunyamaza huko akakudhani ni kupona.

Sijapona asilimia mia. Ncha ya kidole changu cha mwisho bado ina ubaridi fulani asubuhi, na nikizembea na simu siku mbili mfululizo, A zinaanza kupotea tena. Nimeifanya kuwa kengele yangu. Kabla ya kumtumia mteja kazi, nasoma ukurasa wa kwanza nikitafuta herufi hiyo moja.

Yeye ana miezi minane tangu upasuaji. Mashine anaishika. Watoto na vichwa vya kawaida ananyoa mwenyewe. Mistari ya ndevu, ile inayotaka wembe, anamwachia kijana anayemfundisha kazi, kisha anasimama nyuma akitazama, mkono wa kulia mfukoni.

Juzi nilipoketi kwenye kiti chake alinipa kipande cha karatasi kabla hata ya kunifunga shuka.

“Vuta, buda.”

Nikavuta. Ilitoka, lakini safari hii ilinibidi nivute kidogo.

Akaikunja, akaitia mfukoni, akawasha mashine.